Moret-sur-Loing: mto, pipi na sista mweusi

Haya wandugu, leo siasa zipumzike kidogo. Hii ni wiki ya tatu niko Paris kwenye kozi fupi ya uandishi wa habari, na Paris ukiwa na posho ya kozi ni mji wa kutazama vioo vya maduka basi. Jumamosi wenzangu wakaamua kwenda kupanga foleni ya mnara wa Eiffel. Mimi nikasema hapana, nataka mahali pasipo na foleni, penye mto, ambapo mtu anaweza kukaa kitako bila kufanya lolote na asiulizwe.

Jamaa mmoja tunayesoma naye, wa kutoka Abidjan, akaniambia basi nenda Moret-sur-Loing. Halafu akacheka na kuongeza: "Ukifika msalimie dada yetu." Nilipomuuliza dada yupi akasema wewe nenda tu, si unajiita mwandishi wa habari?

Treni za laini R huondokea Gare de Lyon (hiyo ni stesheni ya hapa hapa Paris, msichanganye na mji wa Lyon). Tangu Januari 2025 mkoa wa Paris una nauli moja ya treni hata uende mwisho wa mkoa, kwa hiyo safari ya karibu kilometa sabini inakula chini ya euro tatu. Kama dakika hamsini hivi, nusu ya safari unatazama maghorofa na kuta zilizochorwa rangi, kisha ghafla msitu. Huo ni msitu wa Fontainebleau, walikokuwa wakiwinda wafalme wa Ufaransa. Ukumbukeni, tutarudi kwenye huo uwindaji.

Stesheni haiko ndani ya mji wa kale. Unatembea kama dakika ishirini na tano kwenye barabara ya kawaida kabisa, kinyozi, duka la dawa, mtu anaosha gari lake, na ukianza kudhani umedanganywa ndipo linatokea lango. Lango hasa: mnara mnene wa mawe umekaa katikati ya barabara, na barabara inapita tumboni mwake. Linaitwa Porte de Samois. Ukiingia hapo unafuata mtaa mmoja mkuu, Rue Grande, na kabla hujamaliza kuzungumza na mwenzako umeshatokea lango la pili, Porte de Bourgogne, na mbele yake kuna daraja la mawe na mto. Mji wenyewe ndio huo. Kutoka lango hadi lango hata dakika kumi hazifiki kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Kwa nini mji mdogo hivi ukajengewa minara mikubwa hivi? Kwa sababu katika karne ya 12 huu ulikuwa mpaka. Upande wa huku nchi ya mfalme wa Ufaransa, upande wa huko nchi ya watawala wa Champagne, ambao hawakuwa wanyonge. Fikiria Namanga au Tunduma, lakini yenye ngome. Mwisho wa karne ya 13 Champagne ikaingia mikononi mwa mfalme kwa njia ya ndoa, mpaka ukasogea mbali, na Moret ikabaki na kuta zake bila adui wa kumzuia. Nadhani ndiyo sababu imebaki ilivyo. Mji ukikosa kazi kubwa, hakuna anayekuja kuubomoa ili ajenge kingine.

Nilizunguka bila ramani. Kuna nyumba za mbao na udongo zilizoinama mpaka unajiuliza wenyeji wanalalaje. Kuna kanisa la Notre-Dame, ambalo inasemekana liliwekwa wakfu mwaka 1166 na Thomas Becket, yule askofu mkuu wa Canterbury aliyekuwa amemkimbia mfalme wake wa Uingereza, na ambaye miaka minne baadaye aliuawa ndani ya kanisa lake mwenyewe. Mkimbizi wa kisiasa kwa lugha ya leo. Ndani kuna baridi nzuri na harufu ya mawe mabichi. Mama mmoja alikuwa akipanga maua, akaniangalia, akanisalimia, akaendelea.

Kisha kuna kile kinachoitwa nyumba ya François wa Kwanza, ukuta wa mbele ulionakshiwa kama kitambaa cha lesi. Huo una kisa cha kuchekesha. Miaka ya 1820 ukuta mzima ulinunuliwa, ukabomolewa jiwe kwa jiwe na kwenda kujengwa upya Paris. Ukakaa huko zaidi ya karne nzima, mpaka miaka ya 1950 uliporudishwa Moret. Yaani mawe yalikwenda mjini kutafuta maisha, na uzeeni yakarudi kijijini.

Saa sita mchana nilivuka daraja na kukaa kwenye majani ng'ambo ya mto. Nilikuwa na mkate, jibini ya Brie (hii ndiyo nchi yake, hapa hapa Seine-et-Marne, na nawaambia ile ya kwenye supamaketi zetu ni jina tu) na chupa ya maji. Loing si mto mkubwa. Mtu wa Rufiji akiuona atauliza mto wenyewe uko wapi. Lakini umejigawa, umezungukia visiwa vidogo, unapita chini ya matao ya daraja ukinung'unika, bata wanapigana, mzee ameshika ndoano na hashiki samaki. Juu ya yote hayo unaona lango, mapaa na mnara wa kanisa, vyote vimejipanga kwenye maji kama vinapigwa picha. Huwezi kuamini kwamba Juni 2016 mto huu huu ulifurika mpaka watu wa Nemours, mji ulio juu zaidi kwenye mto, wakahamishwa makwao. Sisi tuliokulia Dar tunaojua Jangwani ikichafuka tunafahamu maji hayana sura moja.

Mandhari haya nilikuwa nimeshayaona kabla sijayaona, na huenda hata wewe. Alfred Sisley aliyachora tena na tena. Alikuwa rafiki wa akina Monet na Renoir, kundi lile lililobadilisha uchoraji wa Ulaya, lakini wakati wenzake wanaanza kupata hela yeye alibaki akihangaika. Alihamia pande hizi mwaka 1880, akaishia nyumba iliyo hatua chache tu kutoka kanisani, na miaka ya 1893 na 1894 akalichora kanisa lile zaidi ya mara kumi, asubuhi, jioni, kwenye mvua, kwenye barafu. Alifia hapa hapa Januari 1899. Mwaka uliofuata picha yake moja ya mafuriko ikauzwa faranga 43,000. Kaburini hazimsaidii kitu.

Kuna jambo moja kwa Sisley lililonigusa kuliko picha zake. Alizaliwa Paris mwaka 1839, lakini wazazi wake walikuwa Waingereza, kwa hiyo naye akahesabika Mwingereza. Akaishi Ufaransa karibu maisha yake yote. Uzeeni akaomba uraia, hakuupata, na akafa akiwa mgeni. Nimepanga foleni za viza za kutosha kujua uso wa mtu anayesubiri karatasi, na sikutegemea kuukuta uso huo kwa Mzungu wa karne ya 19. Leo mji uliomzika bila uraia umemsimamishia sanamu, na kila kona unakumbushwa kuwa Sisley alisimama hapa. Sawa. Amestahili.

Sasa tuje kwa dada yetu.

Nilimpata kupitia pipi. Moret ina pipi yake ya zamani, ya sukari iliyochemshwa na maji ya shayiri, rangi ya asali, inauzwa kwenye vikopo vya bati. Masista wa Kibenediktini walianza kuitengeneza mwaka 1638, mwaka ilipoanzishwa nyumba yao hapa. Mimi ni mtoto wa Songea. Neno Mbenediktini kwetu si geni, Peramiho iko pua na mdomo, na tumekua tukiamini masista ndio wanaojua mkate, jamu na mambo yote matamu duniani. Kwa hiyo nikaona kama nimefika kwa shangazi. Nikanunua kopo, nikaanza kumhoji mama muuzaji kwa Kifaransa changu cha kuchechemea. Akanieleza habari za masista, jinsi Mapinduzi ya 1789 yalivyokuja kufuta nyumba za watawa, na siri ya pipi ikaponea chupuchupu. Kisha akanitazama kidogo, akasema kama mtu anayepima maneno: "Unajua, bwana, kwenye ile nyumba palikuwa na sista mweusi."

Nikaacha kumumunya.

Habari yenyewe ni hii, na nitaieleza kwa utaratibu kwa sababu niliporudi nilikaa usiku mzima nikiisoma. Katika nyumba ile ya masista, zama za Louis wa 14, yule aliyejijengea Versailles, alikuwapo mtawa mwanamke mweusi. Kitawa aliitwa Louise Marie-Thérèse. Watu walimwita La Mauresse, neno ambalo Wazungu wa wakati huo walimtupia mtu yeyote mweusi au Mwislamu wa Afrika Kaskazini bila kujali katoka wapi. Ni kama mtaani kwetu mtu anavyoitwa "Mmakonde" miaka arobaini, siku ya msiba ndipo mnagundua hakuna anayejua jina alilopewa na mama yake.

Uvumi unasema alikuwa binti wa malkia. Novemba 1664 Malkia Marie-Thérèse alijifungua kabla ya siku zake mtoto wa kike, Marie-Anne, na watu wa ikulu wakanong'onezana kuwa mtoto katoka mweusi. Desemba ikatangazwa kuwa amekufa. Wambea wakasema hakufa, alifichwa Moret. Baba? Wengine wakamtaja mtumishi mmoja mweusi mfupi wa malkia, aliyeitwa Nabo. Duke wa Saint-Simon, aliyeandika kumbukumbu nene za maisha ya ikulu, anasimulia kuwa wakubwa wa Versailles walikuwa wakimtembelea yule sista na kumuuliza hali, na kwamba siku moja uliposikika msafara wa mrithi wa mfalme ukiwinda kwenye ule msitu, sista alisema tu kama jambo la kawaida kwamba huyo anayewinda ni kaka yake. Voltaire naye ameandika kuwa alimwona kwa macho yake, na akamfananisha na mfalme. Kwa hiyo kwa Voltaire wa kushukiwa si malkia tena, ni mzee mwenyewe!

Mnaona utamu wake. Kichwa cha habari kinajiandika chenyewe, BINTI MWEUSI WA MFALME WA UFARANSA, na ningekituma kwenye gazeti letu kingetoka ukurasa wa kwanza kabla ya chai ya saa nne. Lakini mhariri wangu ana swali moja analoniuliza mpaka usingizini: nani alikuwepo? Hebu tumuulizie. Saint-Simon alizaliwa 1675. Voltaire alizaliwa 1694. Mwaka 1664 wote wawili hawakuwepo hata tumboni. Mmoja anasema alikuwa wa malkia, mwingine anasema wa mfalme. Na mtoto aliyezaliwa njiti, aliyekosa hewa, anaweza kutoka na rangi ya kutisha bila baba yake kuwa Mwafrika. Mkunga yeyote wa wilaya atakuambia.

Kinachobaki kwenye karatasi ni kidogo, lakini ni cha kweli. Mwaka 1695 alivaa shela ya utawa, na Oktoba mwaka huo huo mfalme akamwandikia pensheni ya livre 300 kila mwaka, maisha yake yote. Ipo picha yake ya kuchorwa, akiwa na mavazi ya kitawa, na imehifadhiwa Paris kwenye maktaba ya Sainte-Geneviève. Wanaoandika habari zake hutaja pia jalada kwenye maktaba hiyo hiyo, ambalo juu limeandikwa kuwa ni nyaraka za binti wa Louis wa 14. Ndani, tupu. Jalada tupu! Waandishi wenzangu wa habari za mahakamani na wizarani watacheka kwa uchungu hapo.

Fuata hela, tunafundishwa. Mfalme halipi pensheni kwa mtu asiyemhusu. Ni kweli. Ila kuna namna nyingine ya kumhusu mfalme, na nadhani sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua kuliko maprofesa wa Sorbonne. Mtazameni jina: Louise kutoka kwa Louis, Marie-Thérèse kutoka kwa malkia. Ni jina la mtoto wa ubatizo. Nendeni Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walipofungua misheni yao mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walibatizwa na kutoka kanisani na majina ya watakatifu wa Ulaya. Jina la awali likaachwa mlangoni kama viatu. Louis wa 14 ndiye huyo huyo aliyetia saini mwaka 1685 ile sheria ya watumwa wa makoloni, Code Noir, iliyoamuru watumwa wote wabatizwe Wakatoliki. Na ikulu yake haikukosa watumishi weusi. Msichana aliyezaliwa na watumishi hao, au aliyeletwa mdogo, akabatizwa kwa jina la mfalme na malkia, akatunzwa kwa pensheni mbali na macho ya watu, hilo haliniumizi kichwa kuliamini. Siwezi kulithibitisha. Lakini kati ya hadithi zote hii ndiyo isiyohitaji muujiza.

Serge Bilé, mwandishi wa habari mwenye asili ya Ivory Coast, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 2012. Sasa nikaelewa kicheko cha yule jamaa wa Abidjan.

Kinachonikera mimi ni hiki. Miaka mia tatu watu wanauliza huyu mama alizaliwa na nani, na ni kama swali jingine halipo. Aliishi mle ndani miaka na miaka. Alikuwa na sauti gani kwenye kwaya? Alijifunza Kifaransa ukubwani au alizaliwa nacho? Wenzake walikula naye meza moja kwa amani? Na ile sufuria ya sukari na shayiri, kuna siku zamu ya kuikoroga haikumwangukia? Sina ushahidi, nawaza tu. Ila nyumba ni ile ile na pipi ni ile ile, na tangu muda ule nikiweka moja mdomoni simfikirii malkia hata kidogo, namfikiria mwanamke amesimama mbele ya moto asubuhi ya baridi.

Nilirudi kwa mama wa pipi na kumuuliza kama kuna mahali mjini pa kumwona. Akasema hizo ni hadithi tu, bwana. Hakusema kwa ubaya, alinifungia vizuri kopo la pili na kunipa karatasi yenye ramani ya matembezi ya Sisley. Jioni nikazunguka upya mitaa ile ile, safari hii nikisoma kila kibao ukutani. Nilikuta cha mchoraji. Nilikuta vya wafalme. Sista sikumwona popote nilipopita.

Saa moja jioni jua lilikuwa bado liko juu, maana huku kiangazi jua halina adabu, na mto ulikuwa umegeuka rangi ya zile pipi. Vijana walikuwa wanaruka majini kutoka ukingoni. Yule mzee wa ndoano alikuwa anafungasha vitu vyake, na nilipopita akaninyanyulia ndoo kunionesha: samaki wawili, wadogo kama dagaa wa Kigoma, na fahari ya mtu aliyekamata sangara. Nikampongeza kwa mikono miwili.

Maktaba ya Sainte-Geneviève iko karibu na Panthéon, na kutoka darasani kwetu ni mwendo wa miguu. Jana nimewaandikia barua pepe kuomba kuiona ile picha. Nimewauliza na habari ya jalada. Bado hawajajibu.